Aiskrimu ya matunda halisi Mbeya: matunda tunayo, maziwa tunayo, kwa nini bado tunalamba rangi?

#1. Mleta uzi (Mbeya mjini)

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, heshima kwenu wakubwa kwa wadogo.

Jambo hili linanikereketa, ndiyo maana nimeona nilete uzi. Nenda Kiwira uone malori yanavyopakia ndizi kwenda Dar. Panda Tukuyu uone parachichi. Shuka Kyela mwisho wa mwaka uone maembe yanavyoozea chini ya miti kwa kukosa mnunuzi. Kisha rudi mjini, Kabwe au Mwanjelwa, ununue aiskrimu "ya embe". Utalamba maji, sukari, rangi ya njano na harufu iliyotoka kwenye kichupa. Mkoa umejaa matunda, halafu mtoto wa Mbeya anajua ladha ya embe la kiwandani kuliko embe la Kyela.

Mimi natengeneza na kuuza aiskrimu, na msimamo wangu ni huu: hii ni biashara ya matunda kabla ya kuwa biashara ya friza. Watu wengi wanaonifuata huanza kwa kuniuliza bei ya mashine. Mashine inanunuliwa na yeyote mwenye hela. Kinachokuweka sokoni ni kujua tunda lipi limeiva sawasawa, linapatikana mwezi gani, nani analo shambani, na unalihifadhi vipi lisubiri msimu upite.

Niwape mfano wa mtu anayejulikana. India kuna kampuni inaitwa Naturals. Mwanzilishi wake, Raghunandan Kamath, alikuwa mtoto wa muuza matunda, na utotoni alimsaidia baba yake kuchagua matunda yaliyoiva. Mwaka 1984 akafungua duka dogo mtaa wa Juhu, Mumbai. Mwanzoni aliuza na chakula cha kawaida, pav bhaji, mkate na mboga zenye viungo, ili watu waingie, wawashwe na pilipili, kisha waombe kitu cha baridi. Aiskrimu zake zikawa za embe, topetope, dafu. Alipofariki mwaka 2024 alikuwa ameacha maduka India nzima. Mtaji wake wa kwanza ulikuwa ule ujuzi wa kushika tunda na kujua kesho litakuwaje.

Najua mtakachosema: "Mbeya baridi, Juni na Julai nani atalamba aiskrimu?" Tazameni Mérida, mji wa milimani kule Venezuela. Uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na sisi wa mita 1,700, na ni mji wa chuo kikuu kama wetu. Mreno mmoja, Manuel da Silva Oliveira, alifungua pale duka la Coromoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, likaingia kitabu cha Guinness kwa wingi wa ladha, zaidi ya 800. Ladha yake ya kwanza ya kushangaza watu ilikuwa parachichi. Parachichi, ndugu zangu! Sisi tunalo mpaka tunalisahau mezani.

Tena kuna Ibarra, Ecuador, juu zaidi yetu, zaidi ya mita 2,200. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, binti anayeitwa Rosalía Suárez alipoanza, wanatengeneza aiskrimu ya maji ya matunda kwenye sufuria pana la shaba linalozungushwa juu ya barafu na chumvi. Hakuna umeme. Barafu yenyewe zamani waliishusha mlimani. Baridi haikuwazuia hao watu.

Na baridi yetu tunaijua: asubuhi unatetemeka, saa saba mchana jua la Mbeya linachoma utosi. Wateja wangu wakubwa ni wa saa saba hadi saa kumi, na Jumapili watu wakitoka kanisani. Send-off, kipaimara na mahafali hazijali mwezi.

Uzi uko wazi. Ulizeni, pingeni, ongezeni.

#2. Mdau wa Uyole

Mkuu, wazo zuri, ila umeruka suala la mfuko. Mwanafunzi ana shilingi mia mbili au mia tano. Koni ya kiwandani anaipata, imejaa, inapendeza. Wewe na embe lako halisi utamuuzia nini kwa mia tano? Kijiko?

#3. Mleta uzi

Swali la maana, nitalijibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo wengi wanafia.

Kwanza, elewa kwamba aiskrimu ya kiwandani ina hewa nyingi. Mashine zao zinapuliza hewa ndani, na zipo ambazo karibu nusu ya ujazo wake ni hewa. Ya kwako ya kupiga kwa mkono au kwa blenda inashika hewa kidogo sana, ni nzito. Kwa hiyo ukishindana kwa ukubwa wa kikombe utafilisika. Tafuta kikombe kidogo na ujaze. Mteja akikishika mkononi anausikia uzito.

Pili, pima tunda baada ya kumenya, siyo sokoni. Pasheni zaidi ya nusu ya uzito wake ni ganda. Embe lina ganda na kokwa, tena kokwa za maembe mengine ni kubwa kuliko unavyodhani. Mtu ananunua kilo kwa bei fulani, anaandika daftarini kwamba kilo ya rojo imemgharimu bei hiyohiyo, mwisho wa mwezi haoni faida na anaanza kumshuku kijana wa dukani. Menya, chuja, weka kwenye mzani, ndipo upige hesabu. Ongeza sukari, maziwa, kikombe, kijiko, umeme, nauli ya bodaboda na mshahara wako mwenyewe.

Tatu, kwa mwanafunzi wa mia mbili usitumie maziwa kabisa. Mtengenezee lambalamba ya maji na rojo la tunda: tunda, maji, sukari, ndimu kidogo. Gharama inashuka na tunda linasikika zaidi, kwa sababu mafuta ya maziwa hufunika ladha. Za maziwa waachie wanaonunua kikombe.

#4. Dada wa Tukuyu

Ndaga fijo kwa uzi huu. Mimi nimejaribu parachichi, maana nyumbani yapo ya kumwaga. Nilichemsha pamoja na maziwa na sukari kama ninavyofanya ya vanila. Ikatoka chungu, tena na rangi kama ya tope. Wateja walirudisha. Nimekosea wapi?

#5. Mleta uzi

Dada, pole, na usikate tamaa, maana wewe umekaa juu ya dhahabu. Parachichi haliendi motoni. Likipata moto linatoa uchungu. Chemsha maziwa na sukari peke yake, yapoe kabisa, yaingie kwenye friji hata usiku kucha. Asubuhi chukua parachichi lililoiva la kubonyea kwa kidole, kamulia ndimu hapohapo unapolikata, saga pamoja na yale maziwa ya baridi, kisha moja kwa moja kwenye friza. Ndimu ndiyo inazuia ile rangi ya kahawia. Uzuri wa parachichi ni kwamba lina mafuta yake, kwa hiyo huhitaji krimu ya kununua. Laini yake inatosha, na kwa sisi ambao krimu ni ghali huo ni ukombozi mkubwa.

Kwa kuwa umefungua mlango huo, niseme na mengine, kwa sababu kila tunda lina tabia yake.

Nanasi na papai ambavyo havijapikwa vina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa. Ukisaga nanasi lisilopikwa na maziwa ukaacha, baada ya muda linakuwa chungu na kugawanyika. Haya mawili lazima yapikwe kwanza mpaka yachemke vizuri, yapoe, ndipo yakutane na maziwa.

Pasheni ni kali, inakatisha maziwa, hasa yakiwa ya moto. Vyote viwili viwe vya baridi, na rojo liingie mwishoni, kidogokidogo huku unakoroga.

Ndizi, tafuta iliyoanza madoadoa meusi. Ile ya njano safi inayopendeza sokoni haina ladha kwenye baridi. Ulimi ukiwa wa baridi husikia utamu kidogo, ndiyo maana mchanganyiko ukiuonja kabla ya kugandisha unatakiwa uwe mtamu kupita kiasi unachokipenda.

Sasa matunda damu. Hili ndilo tunda ninalolipenda kuliko yote na sijui kwa nini hatulipi heshima. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, toa, ganda linavuka lenyewe. Lile ganda ni chungu, lisiingie. Ponda, tia sukari, weka kwenye moto mdogo. Mwanzo linatoa povu la waridi na linarukaruka, punguza moto. Endelea mpaka ukiinua mwiko rojo lisidondoke tone tone kama maji, bali lining'inie na kuanguka kama kipande. Chuja mbegu kwa chujio la chuma ukikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Kinachobaki ni zambarau iliyoiva, na ukiunganisha na maziwa ya baridi unapata rangi ambayo hakuna kichupa cha dukani kinachoweza kuitoa. Watu wananiuliza nimeweka rangi gani.

Kupika huko kuna kazi nyingine: kunapunguza maji. Matunda ni maji, na maji yakiganda polepole kwenye friza zetu za nyumbani yanafanya chembe kubwa za barafu, ndizo zinazokwaruza ulimi. Punguza maji kwenye sufuria, ongeza maziwa ya unga kidogo, chembe zinakuwa ndogo. Kipimo changu cha kuanzia: lita moja ya maziwa, robo kilo ya sukari, vijiko vichache vya maziwa ya unga, na rojo zito karibu nusu kilo. Tunda likiwa tamu sana, kata sukari, lakini usiikate mno, kwa sababu sukari ndiyo inayozuia aiskrimu isiwe jiwe.

#6. Mdau wa Iringa

Kamwene wadau. Huku kwetu maziwa siyo tatizo, kiwanda cha Asas kiko hapahapa na wafugaji wapo. Kinachonitisha ni umeme. Ukikatika mchana mzima friza inageuka beseni. Pia msisahau ubuyu na ukwaju. Sisi ukishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni mibuyu imejaa, na upande wa Mtera vilevile.

#7. Mleta uzi

Kamwene sana. Ubuyu na ukwaju ni wafalme, tena vinakaa kavu stoo bila friza. Miezi ambayo matunda mabichi yamepotea ndivyo vinavyokubeba.

Umeme. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa bila kufunguliwa, inaweza kutunza chakula kikiwa kimeganda kama siku mbili. Ikiwa nusu, kama siku moja. Aiskrimu inalainika mapema zaidi kwa sababu ya sukari, lakini kanuni ni hiyohiyo: friza isiwe tupu. Nafasi zilizobaki jaza chupa za maji ya chumvi. Maji ya chumvi huganda chini ya sifuri, kwa hiyo yakianza kuyeyuka yanaendelea kushikilia baridi ambayo maji matupu hayawezi. Na wakataze watoto wasifungue kuchungulia.

Ikishayeyuka ikawa uji, ya maziwa usiigandishe tena kuuza. Imwage. Najua inauma. Lakini vijidudu vilivyozaliana kwenye uji ule havifi kwa kugandishwa, vinalala tu, na vinaamkia tumboni kwa mtoto wa mtu. Kwa sababu hiyohiyo maziwa mabichi hayaingii kwenye aiskrimu bila kuchemshwa, hata kama unamjua ng'ombe kwa jina.

Na maziwa msiyachukulie poa. Lile duka la Mérida nililolisema, kipindi cha mwaka 2013 kuingia 2014 lilifunga milango kwa muda kwa uhaba wa maziwa. Duka maarufu duniani! Sisi Rungwe wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wako kila kitongoji. Ingia makubaliano na wawili au watatu, uwalipe kwa wakati.

#8. Mama wa barafu (Mbalizi)

Nimesoma yote. Mwanangu, umeandika vizuri, lakini lile neno la "kulamba rangi" limenigusa. Sisi wauza barafu za mia na mia mbili tumesomesha watoto kwa hizohizo rangi. Siyo kila mtu ana hela ya rojo.

#9. Mleta uzi

Shikamoo mama. Kazi yako naiheshimu, na watoto uliowasomesha ndiyo ushahidi. Sina ugomvi na barafu ya rangi inayouzwa kama barafu ya rangi. Ugomvi wangu ni mtu anayechora embe kwenye kopo, anaandika "embe halisi", na ndani hakuna embe, kisha anatoza bei ya embe. Huyo anatuharibia sote, kwa sababu mteja akidanganywa mara moja, nikija mimi na embe la kweli haniamini.

Na kwako mama nina ombi moja: jaribu ndoo moja tu ya ukwaju au ubuyu halisi pembeni ya zile ulizozoea. Ukwaju hauhitaji rangi wala harufu, na bei yake unaijua kuliko mimi.

#10. Mdau wa Songwe

Mmeacha tunda la porini. Masuku! Msimu wake yanauzwa barabarani bei ya chini kabisa, na wenzetu Malawi wanatengeneza mpaka mvinyo. Hayapandwi, hayapigwi dawa.

#11. Mleta uzi

Umenikumbusha kitu kikubwa, mkuu. Masuku yana nyama kidogo iliyogandamana na mbegu, kwa hiyo usitumie blenda, mbegu zikisagika zinaharibu. Yaloweke kwenye maji ya uvuguvugu, yasugue kwa mkono kwenye chujio mpaka nyama ipite. Ladha yake ni kama ya asali na peasi. Hili ndilo tunda ambalo mtu wa Dar hawezi kuliiga. Ukipata la kuuza kwa ndoo niandikie faragha.

#12. Mdau wa afya (Mbeya)

Niongeze la vibali kwa sababu naona hamjaligusa. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yaliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) yamehamia TBS (Shirika la Viwango), kwa hiyo usajili wa jengo la kutengenezea chakula na alama ya ubora ni huko. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO (shirika la viwanda vidogo) apate barua ya utambulisho. Ukitumia maziwa kuna Bodi ya Maziwa pia. TIN (namba ya mlipakodi) ni TRA, leseni ni halmashauri. Na kila anayeshika chakula apime afya kila baada ya miezi sita. Msisubiri mpaka bwana afya aje mlangoni, nendeni ofisini kwake mumuulize kabla ya kupaka rangi chumba. Atakuambia sinki likae wapi, na hutabomoa ukuta mara mbili.

#13. Mwanafunzi (Iyunga)

Mimi ni mwanachuo hapa MUST. Sina mashine, friza ni ya kuchangia na mama mwenye nyumba. Naanzaje?

#14. Mleta uzi

Asante sana mdau wa afya, hilo limenyooka.

Mdogo wangu wa Iyunga, unaweza kuanza bila mashine. Njia ya kwanza: mimina mchanganyiko kwenye sufuria pana, usizidi kina cha vidole viwili, weka kwenye friza. Kingo zikianza kuganda, kama baada ya nusu saa au dakika arobaini, toa, kwangua kingo upige kwa mwiko mpaka iwe laini, rudisha. Rudia hivyo mpaka iwe nzito. Kila ukipiga unavunja chembe za barafu.

Njia ya pili ni ile ya Ibarra. Beseni kubwa, barafu iliyopondwa, chumvi ya mawe. Sehemu tatu za barafu kwa sehemu moja ya chumvi, kwa uzito, na baridi inaweza kushuka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Juu yake weka sufuria ya chuma au aluminiamu, isiwe plastiki kwa sababu haipitishi baridi. Mimina maji ya matunda kidogo, zungusha sufuria kwa mkono mmoja, kwangua kingo kwa mwiko kwa mkono wa pili. Inashika mbele ya macho ya mteja, na watu wanasimama kuangalia. Chumvi isiruke ndani tu. Fanya hivyo Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale utaniambia.

Anza na tunda moja. Chagua lililoko msimu wakati huo, ulijue ndani nje, kisha ongeza la pili. Na msimu ukiwa umepamba moto, bei iko chini, pika rojo, fungasha kwenye makopo ya nusu nusu kilo, andika tarehe, gandisha. Hiyo ndiyo benki yako. Embe la Januari utaliuza Julai.

#15. Mdau wa Njombe

Nina plamsi nyumbani, na shemeji yangu Makete ana matufaa. Plamsi zinaiva zote kwa mpigo, wiki moja tu zimekwisha. Zinafaa?

#16. Mleta uzi

Zinafaa sana. Plamsi usizimenye, rangi na ukali viko kwenye ganda. Chemsha nzima na maji kidogo mpaka zipasuke, pitisha kwenye chujio, kokwa na ganda vibaki juu, kisha sukari na uendelee kupika. Matufaa yapike na mdalasini mpaka yalainike kabisa, yakiwa magumu yanakuwa vipande vya barafu mdomoni. Nakuandikia faragha tuongee usafiri, mabasi ya Njombe kuja Mbeya ni ya kila siku na naweza kupokea stendi ya Nane Nane. Ukipakia, tumia makreti, viroba vinaziponda.